Mama wa Arabuni

Gari lilipita Pongwe bila kusimama. Imakulata aliiona njia ya vumbi inayokwenda kwao, akaliona duka la kona alikokuwa akitumwa chumvi utotoni, kisha ikawa mikonge mitupu. Malak, mtoto wa bosi wake, alikuwa amemlalia mapajani. Imakulata aligeuza shingo mpaka ikamuuma, na machozi yakamtoka.

"Usinune, Ima," Wijdan, mama yake Malak, alisema kutoka kiti cha mbele. "Yule mlinzi wa pwani ya Ushongo kasema mayai yanaanguliwa leo alasiri. Kasa hawatungoji sisi. Mpigie mamako, amlete mtoto huko huko. Nao watembee kidogo."

Wijdan hakuwa mtu mbaya. Babu yake alizaliwa Tanga, Kiswahili chake kitamu, na hajapata kumpiga mfanyakazi wala kumnyima chakula. Alichokosa ni kitu kimoja tu: haikumpitikia akilini kwamba na mtu mwingine anaweza kuwa na haraka. Miaka mitano Imakulata alikuwa kwake Maskati, na kila likizo ilipokaribia lilizuka jambo. Mara mimba ya Malak, mara harusi ya shemeji, mara Malak hali chakula ila kwa mkono wa Ima. Sasa amefika kwao, tena amefika kikazi, abebe mtoto wa watu, wenyewe wakitazama kasa. Wa kwake, Yudith, alimwacha bado ananyonya.

Ushongo walikuta wageni wamekwisha kujipanga nyuma ya kamba. Muhanad, mlinzi wa viota, alikuwa amepiga magoti akifukua mchanga kwa vidole. Alieleza kwamba kasa jike akishafukia mayai hurudi baharini, basi, yameisha. Yeye hawajui wanawe, nao hawamjui. Wageni wakaguna kwa huruma.

"Umemuuliza?" Imakulata aliropoka. Watu wote wakamgeukia. "Nasema, huyo kasa umemuuliza ukasikia hawajui wanawe?"

Wijdan alicheka kicheko cha aibu, akamwambia amfunike Malak kichwa, jua bado kali.

Mchanga ukatikisika. Kikatokeza kichwa kimoja cheusi, kikafuata kingine, halafu wakamiminika, vitoto vya kuenea kiganjani, vinajikokota kuelekea majini huku simu za wageni zikiwa juu. Imakulata hakuviangalia. Alikuwa amesikia bodaboda ikizimwa chini ya minazi, na aliyeshuka alikuwa mama yake, Bibi Beatrisi, ameshika mkono wa msichana.

Kumbe ni mrefu hivi! Kavishwa gauni la kanisani, miguu imepakwa mafuta na vumbi la safari limegandia juu yake, mkononi kabeba mfuko wa machungwa. Maneno yote aliyoyapanga Imakulata tangu Maskati yalimpotea.

Yudith aliwatazama wanawake wale wawili. Mmoja alivaa baibui lenye nakshi na bangili za dhahabu. Mwingine alivaa sare ya kijivu, na mtoto mgongoni. Yeye siku zote ameambiwa mama yake yuko Arabuni, basi hakujisumbua kufikiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Wijdan, akampa machungwa kwa mikono miwili, akamkumbatia kiunoni.

"Shikamoo mama."

Wijdan alitahayari, machungwa yamo mkononi. "Siye mimi, habibti. Wallahi siye mimi."

"Yudi! Siye huyo!" Bibi Beatrisi alimvuta. "Mama yako ni huyu hapa."

Yudith alimtazama Imakulata juu mpaka chini. Papo hapo Malak, alipoona mtoto mgeni anasogezwa, aliangua kilio na kumng'ang'ania Imakulata shingoni: "Mama! Mama!" Na mikono ya Imakulata, mikono ile isiyo na akili, ikaenda nyuma kumpapasa. "Shii, nyamaza, mama yupo." Ndivyo alivyozoea kila siku. Yudith alisikia. Alirudi mbio kwa bibi yake, akajifukia uso ndani ya khanga aliyojitanda bibi.

Imakulata alimfungua Malak mgongoni, akambwaga mikononi mwa aliyemzaa. Na alie, apasuke akitaka. Akapiga magoti mchangani. Alitaka kumgusa mwanawe, akaogopa. Hakuwa na chochote cha mtoto huyo isipokuwa maongezi ya kila Jumapili, kwa kitochi, kile kisimu cha bibi kisicho na picha. Basi akaanza kama aanzavyo Jumapili zote.

"Haloo, Yudi wangu. Umekula nini leo?"

Khanga ikatikisika. Halafu mkono mdogo ukachomoka, ukapapasa mkoba wa bibi, haraka haraka, ukitafuta.

"Bibi, pokea simu," Yudith alisema humo humo. "Mama kapiga."