Kahawa ya Don Heliodoro

Kila alfajiri, kabla mumewe hajaamka kudai shati na kabla mafuta ya kukaangia arepa, mikate ya mahindi ya kuuza, hayajapata moto, Nicolasa Berrío alikuwa na saa moja ya kwake. Alifuta meza ya jikoni, akaweka karatasi, akachonga penseli. Hapo Don Heliodoro alitokea ukutani, penye kalenda, akamwamkia.

Don Heliodoro alikuwa mshairi wa mji ule, marehemu wa miaka mingi, na sanamu yake pale uwanjani ilijaa mavi ya njiwa. Kazi yake sasa ilikuwa kuwatia moyo waandishi, na mjini aliyekuwa akiandika ni Nicolasa peke yake.

"Andika kila siku, binti yangu. Kipaji unacho, kilichobaki ni nidhamu tu."

"Ndiyo, Don."

"Kahawa ipo?"

Kahawa ilibidi ichemshwe, na ya pili pia, maana wafu hawaonji kitu kwenye kikombe cha kwanza. Akinywa alisimulia jinsi alivyotunga vitabu vyake bila kusumbuliwa hata na inzi, kwa kuwa mkewe alikuwa akiwafukuza. Akimaliza, jua limeshatoka na mumewe Wilfrido anaita kutoka chumbani. Nicolasa aliwahi kuhamishia meza uani. Don akatokea kwenye shina la mpapai, akalalamikia umande.

Chumba cha pili alilala mama yake, Doña Toribia, hoi, daktari ameshaacha kuja. Hakutaka dawa wala padri. Alitaka hadithi aliyokuwa akiiandika Nicolasa iishe: msichana amesimama ukingoni mwa mto, kuku kwapani, anangoja mtumbwi. Msichana huyo alikuwa mama mwenyewe, na alijua.

"Kashavuka?" aliuliza kila asubuhi.

"Bado, mama. Don alikuja."

"Mtu mzito kama yule anakuja kukutia moyo, nawe unanuna! Umempa kiti kizuri?"

Siku moja uvumilivu ulimwishia Nicolasa.

"Don, kama kweli unataka niandike, si uniache niandike!"

Machozi yalimlenga Don Heliodoro. "Hiyo ndiyo ari ninayoitaka!" alisema, akasogeza kikombe aongezewe.

Doña Toribia alifariki Alhamisi, msichana bado yuko ukingoni. Waombolezaji walisali siku zote za matanga, na Nicolasa akawapikia wote. Alfajiri iliyofuata sala ya mwisho alifuta meza, akaweka karatasi, akachonga penseli. Don akatokea penye kalenda. Nyuma yake akaingia mama, amevaa gauni alilozikwa nalo, miguu haimsumbui tena.

"Kashavuka?"

"Bado, mama." Nicolasa alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia.

"Basi andika, mwanangu. Haraka sina tena." Akakaa kwenye kiti cha Nicolasa, maana jikoni vilikuwa viwili tu, akamsalimu Don kwa heshima zote.

"Asikate tamaa," alisema Don.

"Asikate kabisa," alisema mama. "Nica, na mimi kahawa. Sukari kidogo."

Chumbani Wilfrido aliuliza shati lake liko wapi. Nicolasa alisogeza karatasi kando zisilowe, akateremsha birika kubwa kutoka rafuni.