Mambo ya Kutoguswa

Kipindi cha binti yangu kinarekodiwa jikoni kwangu, na kila mgeni anaosha vyombo. Hakuna msamaha. Mtu mwenye povu mikononi hawezi kuhutubia, inabidi aongee. Msimamizi ni mimi. Nina stashahada ya utangazaji, na ndimi ninayepaka masufuria mafuta na unga kabla mgeni hajafika, maana hakuna anayetaka kutazama vyombo safi vikioshwa.

Watazamaji wanamwita binti yangu Kicheko. Wengi wao ni wasichana, ndiyo maana mgombea mmoja wa ubunge alitutaka. Vijana wa mpira alishawatafutia mchezaji maarufu wa kumhoji, watu wa ibada akawatafutia mwimbaji wa kwaya. Sisi tulikuwa mlango wake wa kuingilia kwa wasichana.

Kabla ya siku ya kurekodi, msaidizi wake alinipigia simu. Sauti ya asali, mama hivi, mama vile.

"Mama, kuna jambo lolote tusiguse? Hatutaki kumkwaza dada."

Ni swali la kawaida katika kazi hii. Mimi mwenyewe huwauliza wageni wote, na wakishanijibu, hatugusi. Basi nikamjibu.

"Kaka yake. Alizama kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua. Tuliletewa kandambili yake moja tu. Mwanangu hajawahi kulitaja mbele ya watu, na sitaki lianzie kwenu."

"Poleni sana, mama. Nimeelewa kabisa."

Na kweli alielewa.

Mgombea alikuja na shati jeupe, mikono ameshaikunja tangu kwenye gari. Akashika sahani moja, akaisugua, akaigeuza, akaisugua tena.

"Mheshimiwa, hiyo sahani umeioa?" Kicheko akamtania. "Zipo nyingine zinasubiri hapa!"

Mafundi wa kamera wakacheka. Mgombea hakucheka. Aliiachia sahani ikazama kwenye karai, akayakodolea macho yale maji.

"Unajua, dada, mimi na maji hatupatani. Yalimchukua mdogo wangu. Machimboni. Tuliletewa kandambili moja tu."

Nikampa fundi ishara ya kukata. Akajifanya hanioni, maana Kicheko alikuwa ameshaanza kulia. Alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia tangu msibani, akamwegemea yule bwana begani na mapovu yake yote. Mlangoni, msaidizi alikuwa akimpungia fundi mkono: sogeza kamera, sogeza karibu.

Kufika jioni, simu zote zilikuwa zinamwonyesha mwanangu akilia. Wasichana wakaandika: huyu ni mwenzetu.

Baadaye mchezaji akamhoji mgombea uwanjani, na huko yule mdogo wake akawa amekufa kwa kuangukiwa na goli. Kwa mwimbaji, mdogo huyohuyo akafia kitandani akikumbatia kitabu cha nyimbo. Marehemu mmoja, na kila kundi likapewa kifo chake.

Nilikuwa sebuleni namnywesha supu baba yao, ambaye kiharusi kimempoozesha upande mmoja na kumfunga ulimi. Kicheko alikuwa mkekani anapaka rangi kucha. Nikamtupia simu.

"Tazama mwenyewe. Huyu mtu katuibia mtoto."

Akatazama mahojiano yote bila kukunja uso.

"Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Alipotaja kandambili. Nani angemwambia kama si wewe?"

"Na bado ukamlilia begani?"

"Mwanzo nililia kweli. Halafu nikaona kamera ya pili imewaka, nikageuzia uso huko." Akapuliza kucha. "Umeona watazamaji walivyoongezeka? Kaka enzi za uhai wake hata baiskeli alikuwa haniazimi. Sasa ndiyo kanisaidia."

"We mtoto, kaka yako si wa sokoni. Kesho unatoka mbele ya kamera, unasema yule mtu ni mwongo."

"Nikisema, nani atakubali tena kuja kuosha masufuria yako?"

Simu yangu ikalia pale mkekani. Nikaiokota, nikapokea kwa spika.

"Shikamoo, mama. Napiga kwa niaba ya mgombea wa upande wa pili. Naye angependa kuja kuosha vyombo. Kuna jambo lolote tusiguse?"

Nilifungua mdomo nimtukane yeye, mgombea wake na ukoo wake mzima. Kicheko akanipokonya simu, vidole amevitanua ili rangi isichafuke.

"Baba yangu," akasema, na sauti ilishaanza kutetemeka. "Ana kiharusi. Hata kijiko hawezi kushika. Tafadhali sana, hilo msiliguse."

Kitini, mzee aligeuza uso ukutani. Ugonjwa ulichukua ulimi, masikio ukamwachia.

Kicheko akafunika simu kwa kiganja.

"Mama," akaninong'oneza, "usimnyoe baba ndevu mpaka waje."