Gambuti ya Mzee Atuti

Baba mkwe wangu, Mzee Atuti, alikuwa mpogoaji wa michai hodari kuliko wote hapa Kimulot, na mwenye kichwa kigumu kuliko wote pia. Mwaka wa 1995 kisu kilimteleza kikamkata muundi wa kushoto. Kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari, kidonda kilichukua miezi minane kupona. Daktari alimwambia wazi: akijikata hapo tena, mguu utaondolewa. Msimu uliofuata akanoa kisu kama kawaida.

Mama mkwe alikuwa amefariki, na mume wangu Zack alikuwa kazini Nakuru. Tulibaki wawili tu, na sisi Wakisii tunajua kwamba mkaza mwana na baba mkwe hawazoeani. Sikuwahi kumpa mkono, sembuse kuona kidonda chenyewe. Habari zake nilizipata kwa jirani yetu Chemutai. Nilimheshimu, lakini pia alinikasirisha sana. Mguu ukiondolewa, nani angemuuguza?

Kabla sijaolewa niliosha vyombo katika hoteli moja mjini Kericho. Mkata nyama wa pale alivaa glavu ya pete za chuma, kisu hakipiti. Basi, ili nimfumie mzee kinga ya muundi, nikatafuta waya wa kufungia, nikauzungusha kwenye msumari mnene, nikakata pete moja moja kwa koleo, nikaunganisha kila pete na nyingine nne. Kipande kilipotosha nikakitandika juu ya mgomba, nikakipiga panga. Kilifunguka chote. Wiki mbili za kazi!

Nikarudia kwa waya wa ua, ule mgumu. Vidole vilivimba. Chemutai alinikuta nikihangaika, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe, hiyo sweta ni ya mbuzi ama ya trekta?"

Taabu ilikuwa kipimo. Kumgusa mguu haiwezekani, na kumuuliza ni kumpa nafasi ya kukataa. Nilipima kwa gambuti yake ya kushoto, buti refu la mpira lililoanikwa mlangoni, na kazi ilipokwisha nikakishonea kile kipande hapo hapo mbele, toka kifundo hadi juu, kwa uzi wa gunia.

Asubuhi aliikuta. Alisimama uani akamwambia ng'ombe, kwa sauti ya kunifikia jikoni:

"Kuna mtu ameshika viatu yangu. Mimi si mtoto!"

Nami nikamjibu ng'ombe huyo huyo, nikimwita mzee Tata, yaani baba kwa Kikisii:

"Ambia Tata, kama hataki kuvaa, basi asiende."

Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Punde nikasikia chuma kikilia njiani, kuelekea shamba la Kipkoech alikokuwa akipogoa.

Alirudi saa sita, mapema mno. Gambuti ilikuwa imechanika mbele, pete tatu zimekatika, nyingine zimebonyea. Niling'ang'ania mlango, sikuweza kumkimbilia wala kuuliza.

Mzee Atuti aliketi kwenye kigoda, akavua gambuti, akakunja suruali hadi gotini mbele yangu mimi, mke wa mwanawe.

"Bochaberi," akasema, "kuja uangalie."

Kovu la zamani lilikuwa jeusi na kavu. Hapakuwa na damu. Nikapiga magoti nikaushika ule mguu kwa mikono miwili, naye akaniacha nilie.