Kaka Yangu Ananyongwa Tena

Kaka yangu Ginés alinyongwa akiwa kijana, mbele ya kamera, na tangu siku hiyo hajafanya kazi nyingine ya maana. Nasema hivi kwa kuwa nampenda. Filamu yenyewe ilikuwa ya Waitaliano, ya kimaskini kuliko zote. Waliipiga harakaharaka kwenye majengo ya kuigizia yaliyoachwa na wenzao wenye fedha, na sisi wa Tabernas, jangwani kusini mwa Hispania, tukawa Wameksiko asubuhi na askari mchana. Hata mjini Almería walioiona si wengi. Lakini wapo watu wanaozipenda filamu kama hizo zisizojulikana, na ukiwauliza kwa nini, watakusimulia nusu dakika ya Ginés: amekaa juu ya farasi, kitanzi shingoni, mikono imefungwa nyuma, na kabla farasi hajatimka, anatabasamu. Basi. Kwa tabasamu lile kaka yangu amekunywa divai ya bure uzee wake wote.

Kila vuli chama cha wapenzi hao huja. Hawaendi kule kwenye mji wa mbao wa watalii. Ukiwatajia wanakuona mshamba. Wanatembea mabondeni na picha mkononi, wanafumba jicho moja, wanarudi nyuma, wanasogea kulia, mpaka mgongo wa kilima cha pichani ukae sawasawa na mgongo wa kilima kilicho mbele yao. Migongo ikilingana, wanakumbatiana kama waliopata mtoto. Mwanzoni niliwacheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu mwaka mmoja Ornella, mwalimu mstaafu wa Bologna, akanisimamisha kwenye mchanga ninaoupita kila siku, akaniinulia picha usawa wa macho. Kilima kilikuwa kile kile, na chini yake, kwa mbali, marehemu baba amevaa kofia pana ya Kimeksiko. Sikuwacheka tena.

Ornella huyo ndiye aliyepagundua mahali aliponyongewa Ginés. Sote, na Ginés mwenyewe, tulikuwa tumeshasahau. Tulidhani ni bonde la ng'ambo. Kumbe ni hapa hapa, nyuma ya nyumba ya shamba iliyobomoka. Chama kikaamua kuirudia ile picha: farasi yule yule kwa rangi, boriti ile ile kwa urefu, mnyongwa yule yule. Mwenyekiti wao, Detlef, Mjerumani mpole anayeomba radhi hata kwa mbuzi, akasimamisha boriti kwa mikono yake.

Ujanja wake ni huu. Ndani ya shati mnyongwa anavaa mkanda wa ngozi wenye pete mgongoni, na pete hiyo inafungwa kwenye boriti kwa waya usioonekana, ndio unaombeba. Kitanzi ni cha kuonyesha tu, kimeshikizwa kwa uzi wa kushonea. Mtoto akikivuta kinaachia. Kamba na mkanda niliwapa mimi. Farasi pia ni wangu, jike anaitwa Canela, aliyestaafu kwenye maonyesho ya watalii. Na Canela ana tabia moja aliyofunzwa huko: mtu akipaza sauti "Anza!" yeye hangoji mpanda farasi. Anaondoka.

"Umewaambia wasipige kelele?" nilimwuliza Ginés asubuhi ile. Alikuwa anachana nywele kwenye kioo cha gari langu.

"Dada, mimi nilinyongwa wewe hujajua hata kupika."

"Mimi mkubwa wako, mpumbavu wee. Umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Na mkanda?"

"Nitavaa, nitavaa. Hebu nione huu upande. Nimependeza?"

"Umependeza kama maiti."

"Ndiyo kazi yenyewe," akasema, akateremka bondeni akipiga mluzi. Kosa langu ni kumtuma Ginés. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kaka yangu ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Nikamsimamisha Canela chini ya boriti, nikamtuliza. Kisha nikapanda tena ukingoni kwenye gari kuchukua ndoo ya maji, kwa sababu upepo wa magharibi ulikuwa umeanza kuvuma na vumbi linamkera. Nikafungua mlango wa nyuma. Juu ya kiti, umekunjwa vizuri, ulikuwa mkanda wa ngozi.

Kwanza sikuelewa. Nilisimama nautazama kama nimeona kiatu changu mezani. Kisha nikageuka kutazama chini. Ginés alikuwa ameshapanda. Mikono nyuma. Kitanzi shingoni, na hakikuwa kile chembamba nilichowapa. Kilikuwa kinene, cha majani makavu ya huku kwetu, yale wazee wanayosokotea kamba za kufungia nyumbu. Hakikatiki, hakinyumbuki. 

Ningepiga kelele, ningemuua. Nikaanza kushuka.

Ornella alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, picha yake mapajani. "Nani kabadilisha kamba?" nikamwuliza, kwa sauti ya chini.

"Ginés mwenyewe. Alisema ile ya uzi inaonekana ya uongo. Alimwambia Detlef asiwe na wasiwasi, mkanda anao ndani ya shati."

"Mkanda uko garini."

Ornella hakuniuliza mara mbili. Aliinua picha, akamtazama Ginés, akaitazama picha tena. Yule mama anaijua nusu dakika ile kuliko anavyowajua wajukuu zake. "Angustias," akasema, "kamba haikai hivyo. Pichani imelegea hapa, chini ya sikio. Hii imenyooka."

Ilikuwa imenyooka kweli. Canela alikuwa ameukimbia upepo, akasogea mbele kidogo, na kila anaposogea kaka yangu anarudishwa nyuma juu ya tandiko. Alikuwa anajishikilia kwa magoti. Magoti ya mzee, Mungu wangu, yanayolalamika hata akipanda ngazi ya kanisa.

"Mzuie Detlef," nikamwambia. "Lakini usipige kelele, wala usikimbie."

Nikashika njia ya kwenda kwa Canela. Nilitembea kama mtu anayekwenda kuokota mayai, mikono imelegea, namsemesha yule jike kwa sauti ile ile ya zizini: haya mama, haya mrembo, tulia, nakuja.  Mahali nilipotaka kufika palikuwa karibu kabisa, na sikufika, sikufika. Canela akanyanyua sikio moja. Akapiga kwato chini.

"Mama Angustias," mtu akaniambia kwa upole kutoka nyuma ya kamera, "uko ndani ya picha."

 Wakaanza kunipungia mikono nitoke. Watu wazima, wenye adabu zao, wananifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni, na mimi siwezi hata kuwatukana. Nikaona Detlef anainua kipaza sauti. Na Ornella, maskini, alikuwa bado mbali naye. Akanyanyua mikono miwili juu ya kichwa akaivuka, kumwambia simama. Detlef akamwona. Akatabasamu. Akanyanyua na yeye mikono, akaivuka, akidhani anaambiwa kila kitu tayari.

"Anza!"

Nilikuwa nimebakiza kuinyoosha mikono tu. Canela aliruka, na mimi nikaruka, nikaipata hatamu kwa mkono mmoja na singa za shingo yake kwa mwingine, nikajining'iniza kwa uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito. Akaniburura. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sitaki kuisikia tena, ya mtu anayetafuta hewa. Ginés alikuwa ameteleza nje ya tandiko, amefika matakoni pa farasi, visigino tu ndivyo vimebaki. Nikamgeuza Canela kwa nguvu, mzunguko mzima, kichwa chake kifuani kwangu, nikamrudisha kinyumenyume.

Ornella alifika. Yule mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba aliingia chini ya kaka yangu, akaviweka viatu vya Ginés juu ya mabega yake mwenyewe, akasimama. Alisimama tu, anatetemeka, uso mwekundu, mpaka Detlef alipotupa kipaza sauti, akakimbilia nguzo na kulifungua fundo kwa kucha na meno. Ginés akatuangukia sote.

 Kisha kule nyuma wakapiga makofi.

Niliwatukana. Niliwatukana kwa Kihispania cha bandarini, mama zao na kamera zao, na kwa kuwa wengi hawakuelewa, wakazidi kupiga makofi. Detlef ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa mweupe kama chokaa.

Ginés alikuwa anakohoa mchangani, shingoni alama nyekundu kutoka sikio hadi sikio. Nikamkata kamba za mikono. Nikamzaba kofi. Halafu nikakichukua kichwa chake nikakiweka kifuani, nikalia mbele za watu, mimi ambaye hata baba alipokufa nililia jikoni.

"Kwa nini, Ginés?"

Sauti ilimtoka kama ya mlango mbovu. "Wametoka mbali, dada. Wanakuja kwa ajili ya uso wangu. Nilifanya mazoezi wiki nzima na kitanzi cha uzi. Uso haukuja."

Detlef akaleta kamera. Alisema ataifuta picha yote, sasa hivi, mbele yetu. Ginés akanyoosha mkono: aione kwanza. Tukainama juu ya kioo kile kidogo, sisi wanne. Ukatokea mgongo wa kilima, mahali pake hasa, boriti, farasi mwekundu, na mimi pembeni, na unene wangu, ninaingia. Katikati alikuwa kaka yangu. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa mzee amekodoa macho, mdomo unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika, na kinasa sauti hakikuchukua kitu ila upepo.

"Anasema nini?" Detlef akauliza.

Ornella alinitazama, akatazama kando. Hata yeye alikuwa ameshausoma ule mdomo. Lilikuwa jina langu. Hata si "dada", jina langu lenyewe, tena na tena.

"Futa," Ginés akasema. Detlef akafuta.

Wakaondoka kwenda kufungua boriti, wakatuacha wawili mchangani. Ginés alikuwa anachezea vumbi kwa kidole, hanitazami.

"Nilikuita," akasema.

"Nilisikia," nikamwambia. "Ndiyo maana nikaja."

Sikusikia jina lolote. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea upande wake.