Kiganja cha Bakhiti

Kila alipopita kona ya mpiga pasi, Samil Bahr alijikwaa. Pale hapakuwa na shimo wala jiwe. Metwali, mpiga pasi, akimwona tangu mbali, huinua pasi yake na kupaza sauti: "We Bakhiti! Sufuria inaungua!" Hapo Samil hukunja goti, akapepesuka huku kashika kilemba, na wazee wa mkahawani wakacheka. Kisha hushika njia yake. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote, tangu kuamka hadi kulala.

Bakhiti alikuwa mpishi wa kwenye tangazo la samli. Lilirushwa kila Ramadhani, mara tu adhana ya magharibi inapokwisha, wakati Misri nzima imekaa mbele ya televisheni na tende mkononi. Mpishi mweusi, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu. Anakodoa macho, anasema Kiarabu cha kuvunjavunja ambacho Samil hakuwahi kukisikia kwa Mnubi mwenzake yeyote, anaonja samli, utamu unampanda kichwani, anateleza na kukaa kitako ndani ya sufuria. Bibi wa nyumba anampiga mwiko wa utosi. Mwisho mpishi anainua kopo la samli na kucheka meno yote nje.

Kule kuanguka alikubuni Samil mwenyewe, mwaka wa kwanza wa kumwigiza Bakhiti, alipokuwa na magoti ya ujana na hamu ya kumfurahisha mwongozaji.

Hanina, mkewe, hakuwahi kumlaumu. Wakati huo walikuwa wakifuturu mtaa wa Abdin, Kairo, kwenye ukumbi wa chama cha watu wa kijiji chao, kile kilichomezwa na maji ya bwawa la Aswani. Tangazo lilipotokea mara ya kwanza mbele ya watu wote, wazee waliinamia bakuli zao. Kesho yake Hanina alisema, "Leo tufuturu nyumbani tu." Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka Hanina akafariki, na Samil akabaki akifuturu peke yake, televisheni kaizima.

Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, watu wa tangazo walipopiga simu, alikataa.

"Umepata kazi nyingine, Ami?" aliuliza kijana wa upande wa pili.

"Sina kazi."

"Unaumwa?"

"Mzima."

"Sasa nini?"

"Nataka kufuturu na watu wangu."

Kijana alicheka sana. Alidhani ni kichekesho cha Bakhiti.

Samil hakumsimulia mtu. Aliona kwamba akienda kujitangaza atakuwa kama anayeomba sifa. Afadhali wajionee wenyewe: adhana iishe, tangazo lisiwepo, na yeye awepo.

Basi siku ya kwanza ya Ramadhani alivaa kanzu yake ya Idi, akapanda ngazi za ukumbi.

"Ami Samil!" Fikri Dawud, mwenyekiti wa chama, alisimama kumpokea. "Sisi tulidhani umehama nchi."

"Nipo hapo hapo, mtaa wa nyuma."

"Mtaa wa nyuma ndio mbali zaidi," alisema Shawki, dereva wa teksi, na watu wakacheka kidogo. Dahiba, dada yake Hanina, alimmiminia abri, maji ya mkate mchachu, bila kumuuliza anataka au hataki. "Umekonda, shemeji," alisema, akapita.

Adhana ikaisha. Samil alitia tende kinywani. Ndipo akausikia muziki wa tangazo, akautambua kabla hajainua macho.

Mpishi mweusi, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu. Mwendo ulikuwa wake. Macho yalikodolewa kama alivyoyakodoa yeye. Kwa muda hata Samil mwenyewe alidhani wamerudisha tangazo la zamani. Kisha akaitambua pua. Ilikuwa ya mchekeshaji mmoja wa Kairo, mtu mweupe, aliyepakwa rangi mpaka akawa mweusi kama tako la chungu. Akateleza, akakaa kitako ndani ya sufuria.

Fikri aliweka kijiko chini. "Hata mwaka huu, Ami Samil? Na ukaja tulitazame pamoja?"

"Si mimi yule."

"Si wewe?" Shawki alidakia. "Basi una pacha. Mbona kaanguka vile vile?"

"Ni mtu kapakwa rangi. Mimi nilikataa."

Samil aliwatazama mmoja mmoja. Fikri alimjua tangu utoto. Baba yake Shawki ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi yake. Watu hawa wameona rangi ya kupakwa, wakamwona yeye.

"Tazameni kiganja," alisema Dahiba.

Alikuwa kasimama na jagi mkononi. Kwenye kioo cha televisheni mpishi alikuwa ameinua kopo la samli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kaufungua mbele ya watazamaji.

"Kiganja cheusi pia. Nani humu ana kiganja cheusi?"

Wanaume waligeuza mikono yao chini ya taa, mmoja baada ya mwingine, wakaitazama kana kwamba wamekabidhiwa jioni ile.

"Wallahi," alisema Shawki. "Hata kututazama vizuri hawakututazama."

"Na nyie je?" Dahiba alimuuliza. Shawki akakifumba kiganja chake.

"Tusamehe, Ami," alisema Fikri. Alikula kidogo, kisha akaongeza bila ubaya wowote, "Lakini mwanguko ule ni wako."

"Ni wangu," alisema Samil. "Nimewafundisha mimi."

Mazungumzo yalirudi kwenye mambo ya harusi za Aswani na bei za nauli. Samil alijibu alipoulizwa. Aliulizwa mara chache.

Alipofika kona akirudi nyumbani, pasi ikainuliwa. "We Bakhiti! Nimekuona leo, mambo bado! Sufuria inaungua!"

Wazee wa mkahawani waligeuza viti. Goti la Samil lilianza kukunjika lenyewe. Akalishika kwa mkono.

"Yule si mimi, Metwali. Mimi naitwa Samil."

"Umenuna na Ramadhani yote hii?"

"Sijanuna. Naitwa Samil tu."

Metwali alimwangalia, pasi ikiwa bado hewani. Kisha akaishusha polepole. "Haya," alisema. "Ramadhani karimu."

Kesho yake, jua likikaribia kuzama, Metwali alimwona tangu mbali. Akakohoa. "Salaam aleikum, Ami Samil," alisema kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni, akainamia shati alilokuwa akilipiga pasi.

Samil aliitikia. Akapita kona wima, wala hakuna aliyegeuza kiti, akaenda kupanda ngazi za ukumbi.