Kumsemesha Wandel

Mimi ndiye mtunza takwimu wa timu yetu ya besiboli pale San Cristóbal, na Wandel, mrushaji wetu tegemeo, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mji mzima ulijua kwamba anazidi kuwa mkali: msimu wa juzi aliruhusu pointi nne kwa mchezo, uliopita tatu, msimu huu hazifiki mbili. Hesabu hiyo waliipenda. Nilikuwa na nyingine. Mkono wake, pale unapouachia mpira, ulikuwa ukishuka wiki hadi wiki, na katika misimu yote niliyolinganisha, kila mrushaji wetu aliyeshuka hivyo aliishia kukatika mshipa wa kiwiko. Wa mwisho sasa anauza mikate ya kukaanga kando ya barabara.

Nilimpelekea kocha, Don Fermín. Alizitazama karatasi zangu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ambayo hakualikwa. Akasema timu inashinda, Wandel atapumzika msimu ukiisha.

Jumapili ile, hadi kipindi cha saba kati ya tisa, hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wa Wandel ukatua salama; yaani hakuwa amepigwa hata mara moja. Warushaji wengi huzeeka bila kuionja siku kama hiyo. Na kwetu, mrushaji akiwa katika hali hiyo hasemeshwi. Hakuna anayekaa karibu naye benchini wala anayemtaja. Ukimsemesha umemtia nuksi, sasa hivi atapigwa. Mkono wake ulikuwa umeshuka kuliko siku zote, na kocha alikwepa macho yangu.

Basi mimi, niliyewacheka wenye hirizi miaka yote, nikaona limebaki jambo moja tu. Apigwe. Akipigwa mara moja, utukufu umekwisha, kocha atamtoa. Nikashuka benchini nikaketi ubavuni pake. Wenzake wakageuka kunitazama.

"Wandel, leo hujapigwa," nikasema kwa sauti. "Hata mara moja."

Mmoja nyuma yetu akanitukania mama. Wandel akatabasamu akitazama chini.

"Unaniroga, dada?"

"Nakuroga. Kiwiko kinauma?"

"Tangu Krismasi. Niache nimalize."

Akarudi uwanjani. Nilishika wavu wa kando ya uwanja nikamwomba Bikira kwamba mdogo wangu apigwe, nikaomba kwa machozi, huku watu wakiomba kinyume changu. Kipindi cha nane hakupigwa. Cha tisa, mpigaji wa mwisho alikata hewa tupu, na wenzake wakamrukia Wandel, wakalundikana juu yake. Don Fermín alinikumbatia akicheka, akaniambia uchawi wangu ni dhaifu.

Walipomwinua mabegani, umati ulidai kofia yake. Aliivua kwa mkono wa kushoto, akawarushia. Wa kulia, ule wa kurushia mpira, ulining'inia tu, na hakuna aliyekuwa akiutazama isipokuwa mimi.