Ua la Kufunika Uso

Nangila hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Daktari aliposema uvimbe kwenye taya ya mama yake umeshapita hatua ya kukatwa, ni yeye aliyemweleza mama, papo hapo kwenye benchi la hospitali. Mama alimshukuru, kisha akampa sharti moja: Kweyu asiuone uso huu.

Kweyu, kitinda mimba, alikuwa mwaka wa tatu masomoni Marekani, na makaratasi yake hayakumruhusu kutoka na kurudi. Uso aliouacha uwanja wa ndege ulikuwa mzima, wenye mwanya, uking'aa mafuta. Mama alitaka abaki na huo. Lakini alitaka pia kijana amwone angali hai, aione mikono yake, aisikie baraka kinywani mwake. Kujifunika leso hakukuwezekana. Kupumua kulikuwa kazi hata bila leso.

Tangu amalize diploma yake, Nangila alikuwa akitengeneza kurasa za mtandao katika ofisi ndogo mjini. Mwaka ule wa 1999 wateja walipenda vitu vinavyocheza: bendera zinazopepea, dunia inayozunguka. Basi akaamua kuiweka video ya mama kwenye ukurasa, na juu yake, usoni hasa, aweke ua linalofunguka na kujifunga. Mama alilichagua mwenyewe. Liwe jekundu, alisema, na lisikae kama la plastiki.

Jumapili baada ya kanisa, jirani yao Opicho, mpiga video za harusi, alileta kamera yake pale nyumbani Komarock. Mama aliketi wima, hakutikisa kichwa, kama alivyoagizwa. Aliongea Kibukusu kwa sekunde arobaini, akainua mkono, akabariki.

Ofisini, Maingi wa meza ya pili alimwonya.

"Nangila, lichore ndani ya video yenyewe, picha moja moja. Hivyo halibanduki."

Nangila alimjibu kwamba sekunde arobaini ni picha mia nne, kwamba zingemla wiki mbili za saa za chakula, na mama hakuwa na wiki mbili za kuchezea. Akapanga matabaka mawili: video chini, ua juu. Alipoufungua ukurasa kwenye kompyuta yake, ua lilikaa pale pale, likifunguka, likijifunga, na sauti ya mama ikitoka chini yake. Aliurudia mara tatu akiitafuta taya. Hakuiona. Akampelekea Kweyu anwani.

Jumatano Kweyu alipiga simu ofisini.

"Mliniambia ni jino," akasema.

Nangila alimuuliza kama ua halikutokea.

"Ua gani?"

Kweyu alikuwa kwenye maktaba ya chuo, na kompyuta za huko zilifungua kurasa kwa programu nyingine. Maingi alikuwa nayo kwenye mashine yake, ila Nangila hakuwahi kuijaribu. Sasa akaenda kuufungua ukurasa huko, simu ikiwa bado sikioni. Katika programu ile video ilipanda juu ya kila kitu, hata uipange vipi. Uso wa mama ulikuwa wazi, taya na yote. Juu ya ukingo wa video ilichungulia ncha moja ya petali nyekundu, ikija na kutoweka. Akamweleza Kweyu ua lilikuwa la nini, na sharti la mama.

"Mwambie nimeliona," alisema Kweyu. "Mwambie ni zuri."

Jioni Nangila alimkuta mama amelala akitazama ukuta.

"Ameliona ua?"

Nangila, aliyemwambia mama huyu habari ya kifo chake bila kupepesa macho, alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Amesema ni zuri."

Mama alicheka kwa macho, maana ndiyo yaliyobaki ya kuchekea. Kisha akaomba Opicho aitwe tena. Mara ya kwanza alibana maneno, alisema, kwa kuwa hakuliamini lile ua. Sasa ataongea mpaka atosheke, maadamu mtoto hamwoni.

Aliongea dakika tatu nzima. Safari hii Nangila alilichora ua ndani ya video yenyewe, picha moja moja, saa za chakula, ingawa Kweyu alikuwa ameshaona yote na hapakubaki cha kumficha. Picha zilikuwa elfu moja na mia nane. Mama alipokata roho, Nangila alikuwa amefika ya mia sita na kumi na mbili.

Walimzika kwao Bungoma. Jumatatu iliyofuata Nangila alirudi ofisini, akavuta kiti, akafungua picha ya mia sita na kumi na tatu, na kuanza kuchora petali.